Eti msimbo haujui tabaka?

Jamani, huu wimbo umenichosha. Kila mkutano wa teknolojia hapa Nairobi lazima asimame mtu mwenye tisheti ya nembo, awaambie vijana kwamba msimbo haujui tabaka: ukiandika programu nzuri, hakuna atakayeuliza kama umetoka Muthaiga au Mathare. Uongo mtupu! Mitaa hiyo miwili inapakana, na wanaoajiri wanajua vizuri nani analala wapi.

Tuanze na mashine. Mtoto wa Lavington ameshika kibodi kabla hajang'oka meno ya utoto. Wa Kayole aliahidiwa. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia na ahadi ya vipakatalishi kwa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa tableti, na aliyekuwa darasa la kwanza mwaka wa ahadi alishafika darasa la nne.

Lakini mashine ni kisingizio kidogo. Balaa liko mlangoni, kwenye uanagenzi usiolipwa. Nimekaa upande wa wanaohoji mara nyingi, na masharti nayajua: miezi mitatu, hakuna malipo, njoo na kipakatalishi chako. Sasa anayetoka Kayole kwenda Westlands anapanda matatu mbili asubuhi na mbili jioni. Ongeza chakula cha mchana. Ongeza bando ya kumalizia kazi usiku, stima ikiwepo. Zidisha kwa siku 60, halafu uniambie nani analipa. Ni mama yake, kwa faida ya sukuma wiki! Mwenzake anakaa kwa wazazi Kileleshwa, waifai ya bure, friji imejaa. Miezi ikiisha, huyu ana "uzoefu" na yule ana deni. Tangazo la kazi linalofuata linataka nini? Uzoefu. Tunaita hiyo sifa.

Na usiniambie habari za chanzo huria. Kuandika msimbo wa bure usiku kucha ni starehe ya mtu ambaye kodi ya nyumba haimhusu.

Wale walioachwa nje ya mlango walipata kazi gani? Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walioajiriwa na Sama walikuwa wakisoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unajisi wa watoto ili kuifunza mifumo ya OpenAI. Walipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mkataba wenyewe ulitaja dola 12.50 kwa saa. Hao pia waliambiwa wako kwenye teknolojia. (Kweli wako, kama mponda kokoto alivyo kwenye biashara ya maghorofa.)

Najua kuna atakayenitajia M-Pesa, kwamba tangu 2007 mama mboga na meneja wanatumia huduma moja. Sawa. Kutumia mfumo ni jambo moja, kulipwa kwa kuujenga ni lingine kabisa.

Kwa hivyo wenye kampuni, wacheni semina za kutia moyo. Mlipeni mwanagenzi kuanzia siku ya kwanza, mpeni mashine, na mfute kwenye tangazo ule mstari wa "awe na kipakatalishi chake". Kampuni yenye pesa za pizza kila Ijumaa isiniambie imekosa nauli ya mtoto wa Kayole.