MWALIMU AJITAJE KUWA MFANYAKAZI



Wengi wetu wa Kitui na Makueni tuna watoto katika Chuo Kikuu kilichoko Kwa Vonza, yaani South Eastern Kenya University, ama tutakuwa nao karibuni. Chuo hicho kilianza mwaka 2008 chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kusimama peke yake.

Siku ya kwanza mwalimu husimama mbele ya wanafunzi wapya akataja jina lake, shahada zake, somo lake na saa za kumwona ofisini. Hayo ni mema. Lakini liko neno moja linaloachwa: hasemi kwamba yeye ni mfanyakazi.

Wako watakaosema, "Mambo ya mshahara si ya watoto." Sivyo. Wanafunzi walioingia vyuo vya Serikali mwaka 2025 hawakukaa sana kabla ya masomo kusimama. Mgomo ulianza tarehe 17 Septemba ukaisha tarehe 5 Novemba, siku 49. Walimu walidai Sh. 7.9 bilioni za mapatano ya mwaka 2017 hadi 2021. Mtoto alikaa bure huku kodi ya chumba ikihesabiwa, na mzazi aliyeuza mbuzi apate karo akaudhika. Ikiwa mwalimu hakuwaeleza mapema, walielezwa na wengine, nao walisema kwamba walimu ni wavivu wenye tamaa.

Tena wako walimu wa muda, wanaolipwa kwa somo. Mwanafunzi humwita "Profesa" akidhani ni tajiri, kumbe bado anangoja malipo ya muhula uliopita.

Hata chama chenyewe hakikupatikana bure. Walimu wa vyuo vikuu walitaka kuandikisha chama mwaka 1993, Serikali ikakataa. Waligoma, na wengine wao wakafukuzwa kazi. Chama chao, UASU, kiliandikishwa mwaka 2003. Miaka kumi! Je, kijana wa mwaka wa kwanza ataijua habari hii kwa nani, kama si kwa mwalimu wake?

Basi yafaa mwalimu aseme hivi: "Mimi ni mwajiriwa kama baba yako na mama yako, nami ni mwanachama. Siku tukigoma, nitakuambia sababu. Lakini siku nisipofika bila sababu, au alama zako za mtihani zikipotea mikononi mwangu, una haki ya kuniuliza."

Maneno hayo ya mwisho ni mazito, nasi hatuyaondoi. Anayedai haki yake hana budi kuitimiza kazi yake, maana alama zilizopotea huharibu jina la chama kuliko maneno ya mwajiri.

Nasi wazazi, tulio waashi, madereva, makarani na wachimba mchanga, tusimlaani mwalimu kabla ya kumsikiliza. Kesho zamu ni yetu, na kijana huyo huyo ndiye atakayekuwa afisa wa kutuajiri. Afadhali aanze kujifunza sasa maana ya mapatano.

Umoja ni nguvu.