Kura Moja ya Eneo la 94

Wananchi wenzetu wanaouliza kura moja ina uzito gani tunawaelekeza jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka 2017, katika eneo la uchaguzi la 94, mjini Newport News, Shelly Simonds wa Democratic alimkabili David Yancey wa Republican kugombea kiti katika baraza la jimbo. Kura zilipohesabiwa upya Simonds alitangulia kwa kura moja. Kesho yake majaji wakaikubali karatasi moja iliyobishaniwa, na kila mmoja akawa na kura 11,608. Sheria ya huko huagiza sare iamuliwe kwa bahati nasibu. Januari 2018 jina la Yancey likatoka bakulini, na chama chake kikashika viti 51 kwa 49.

Bakuli hatulisifu hata kidogo. Tunaisifu ile karatasi, iliyoweza kushikwa mkononi na kubishaniwa mbele ya majaji. Katika mchujo wa KANU wa 1988, ule wa mlolongo, watu walipotawanyika ushahidi ulitawanyika nao, na mwenye mstari mfupi aliweza kutangazwa mshindi.

Simonds aliwarudia wapiga kura mwaka 2019, akakitwaa kiti.