Watafiti Wasioupanda Mlima

Katika mahafali moja niliyoalikwa mjini Morogoro, ambayo jina la chuo chake halina faida kutajwa hapa, mgeni rasmi, mtu mwenye elimu na cheo, alisimama mbele ya vijana waliovaa majoho na wazazi waliotoka mbali kwa nauli ya kukopa, akawaambia kwamba zama za mtafiti kuhangaika vijijini na daftari kwapani zimekwisha. Kwamba akili mnemba imeziweka maktaba zote za dunia kiganjani mwa kila mtu. Na kwamba kijana atakayetumia miezi kutafuta jawabu ambalo mashine humpa kwa dakika chache anaupoteza umri wake bure. Ukumbi ulipiga makofi. Wazazi walipiga makofi, wahadhiri walipiga makofi, na vijana, ambao baadhi yao najua jinsi tasnifu zao zilivyopatikana, walipiga makofi kuliko wote. Nilinyamaza kwa adabu ya mahali, walakini moyo haukunyamaza, na makala hii ndiyo jawabu langu.

Nasema waziwazi kwamba dai lile ni batili, na kwamba kila mwaka tunaouacha upite bila kulipinga tunajipunguzia wasomi. Mashine hii, ijapokuwa werevu wake wa kupanga maneno unastaajabisha, haina habari ya dunia ila ile ambayo mwanadamu aliyetangulia alikwenda kuitafuta kwa miguu yake, akaiona kwa macho yake, akaiuliza kwa ulimi wake, kisha akaiandika. Ambalo halikuandikwa halimo ndani yake. Na lililoandikwa juu ya milima hii iliyouinamia mji wa Morogoro, tukilipima na yaliyoandikwa juu ya mitaa ya London au mashamba ya Marekani, ni akali ya maneno, tena sehemu kubwa yake ni kazi ya wageni walioandika kwa lugha zao na kwa haja za serikali zao. Basi mtu akiiuliza mashine habari za Uluguru, nayo ikafika penye pengo, mara nyingi hutenda kama mpita njia aliyeulizwa njia asiyoijua, akaona haya kusema hajui, akamwelekeza msafiri bondeni. Hulijaza pengo lile kwa desturi za watu wengine ambao habari zao imezisoma kwa wingi, na hulitamka la uongo kwa utulivu uleule inaotumia kutamka la kweli.

Si jambo la kusikia. Kijana mmoja aliniletea rasimu ya tasnifu yake kuhusu umiliki wa ardhi huko Kinole, katika milima hiyo ya Uluguru, akiniomba niipitie kabla haijafika kwa msimamizi wake. Lugha ilikuwa safi mno, pasipo kosa la herufi, na kila aya ilianza kwa ufasaha na kumalizika kwa ufasaha. Sura ya pili ilisema kwamba miongoni mwa Waluguru ardhi humilikiwa na baba, naye humrithisha mwanawe wa kiume wa kwanza. Nilirudia sentensi ile nikidhani macho yamenidanganya. Waluguru! Watu ambao nasaba yao huhesabiwa kwa mama, ambao lukolo, yaani ukoo wa mama, ndio mlango wa mtu na ndio haki yake ya jembe, ambao mjomba ana kauli katika shamba ambalo baba hana. Watu ambao mgeni huweza kukaribishwa apande mahindi na maharage katika ardhi ya ukoo lakini akapigwa marufuku kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti ni dai, na atakayeruhusiwa kupanda mti leo kesho atasema udongo ni wake. Haya hayahitaji darubini. Mtu akikaa asubuhi moja na wazee wa Kinole, akala nao ndizi na kunyamaza kidogo, atayapata yote pamoja na kesi tatu za kuyathibitisha.

Nikafungua ukurasa wa marejeo. Palikuwa na kitabu chenye jina la kupendeza, mwandishi, mwaka na mji kilikochapwa, na kitabu hicho hakipo. Nilikitafuta, nikawauliza wanaoijua maktaba kuliko mimi, hakijapata kuwapo. Nikamwuliza kijana iwapo aliwahi kufika Kinole. Akainamisha kichwa. Nikamwuliza basi majibu ya wakulima yaliyomo katika sura ya nne yametoka wapi, na baada ya kimya kirefu akakiri kwamba dodoso alilitunga kwa mashine, na majibu ya dodoso akaiomba mashine ileile imtungie, asilimia kwa asilimia, jedwali kwa jedwali. Kinole ni safari ya gari isiyomaliza nusu ya siku. Wakulima wale wapo, wana majina, wana mdalasini na pilipili manga shambani, na siku ile alipokuwa akiwabuni kitandani bwenini yumkini walikuwa wameketi sokoni mjini wakiuza ndizi zao mwendo mfupi kutoka mlangoni pake.

Atakayesema kwamba huu ni uzembe wa mtoto mmoja akumbuke mawakili wa New York ambao mwaka 2023 walipeleka mahakamani hoja zenye hukumu za kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kesi ambazo hazikupata kusikilizwa na hakimu yeyote duniani, wakatozwa faini ya dola 5,000. Wale walikuwa mawakili wazima, katika nchi ambayo maandishi yake yamejaa ndani ya mashine hiyo hata kufurika. Ikiwa huko iliwazulia, seuze Kinole!

Na sisi wa Morogoro tuna sababu ya kuhofu kuliko wengine, maana tumekwisha kuonjeshwa uchungu wa elimu iliyokusanywa kwingine ikaletwa kwetu bila kuuliza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawaamrisha watu wakate matuta ya ngazi katika miteremko yao ili kuzuia mmomonyoko. Mabwana shamba wale hawakuwa wajinga; walikuwa na vitabu, walikuwa na mifano ya nchi nyingine ambako matuta yalifaa, na ukilitazama shauri lao juu ya karatasi huoni kasoro. Kasoro ilikuwa udongoni. Katika miteremko mikali ya huku udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na aliyechimba ngazi alilifukia tabaka hilo akalifunua lile la chini lisilozaa, kisha akatakiwa apande humo chakula cha watoto wake. Wakulima walilisema hilo. Hawakusikilizwa, kwa sababu lililokuwa vitabuni lilihesabiwa kuwa elimu na lililokuwa vinywani mwao likahesabiwa kuwa ukaidi. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo wakakataa, polisi wakatumia nguvu, mtu akauawa, na mpango wa matuta ukafa. Ndipo, baada ya damu kumwagika, watafiti Roland Young na Henry Fosbrooke walipoichunguza milima na siasa ya ardhi yake, wakatoa kitabu mwaka 1960. Kile ambacho mgeni rasmi aliwaambia vijana wakikumbatie ni amri ileile ya matuta: wastani wa mambo ya kwingine unaovikwa watu wa hapa, safari hii bila polisi, kwa hiari yetu, na kwa makofi.

Nitaeleza jambo jingine la milima hii ili aliye mzito wa kuelewa aelewe. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache iliipiga Mgeta, na miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wanajiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, akina Paul Temple na Anders Rapp, walikwenda, wakayahesabu maporomoko, wakapima mianzo yake, wakabaini kwamba karibu yote yalianzia mashambani na penye majani matupu, na kwamba chini ya msitu yalikuwa machache mno. Leo mwanafunzi akiiuliza mashine juu ya maporomoko ya Mgeta, huenda akapewa habari hii, naye atadhani mashine ndiyo iliyomfundisha. Aliyemfundisha ni mtu aliyepanda na kamba ya kupimia katika tope. Na maporomoko ambayo hakuna aliyeyapima, mashine itamwambia nini? Itamrudishia yale ya 1970 yakiwa yamebadilishwa mavazi.

Kadhalika watazame panya. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likiwa na makao yake hapa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi. Na mmoja wao, Magawa, alivumbua mabomu huko Kambodia hata akatunukiwa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020. Kabla ya hapo maandishi ya kilimo yalimjua panya buku kuwa mharibifu wa mazao. Lau mashine hii ingalikuwapo wakati ule, na mtu akaiuliza la kufanya na panya, ingalimpa orodha ya mitego na sumu. Jambo jipya lilitokana na mtu kukaa na mnyama siku baada ya siku, akimlisha ndizi kila anaponusa kwa haki.

Watetezi wa mashine hawakosi la kusema, na lile walipendalo zaidi ni la kikokotoo: ati hata kikokotoo kilipingwa, na leo kila mwenye duka anacho. Hoja gani hii! Kikokotoo ukikiuliza tatu mara nne kitakujibu kumi na mbili leo, kesho na siku ya kiyama, hakitakubunia namba ili kukufurahisha, wala hakitakutajia mwanahesabu asiyezaliwa kuwa shahidi wake. Wengine husema mashine huokoa wakati. Wakati huo uliookolewa umekwenda wapi? Nimewaona waliouokoa wameinamia simu zao vibandani wakisuka mikeka ya kubeti timu za Uingereza ambazo hawatazitia machoni maishani mwao. Tena aliyeitegemea mashine huwa mateka wa mtandao: mwezi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, nilimsikia kijana akilalamika kwamba hawezi kuendelea na sura ya matokeo kwa kuwa hakuna mtandao. Matokeo ya utafiti wake mwenyewe! Alikuwa anayangojea yapite baharini.

Na wako wanaosema kwamba Kiingereza chao ni dhaifu, basi mashine inawasitiri. Hapa naona huruma, lakini huruma yangu haiendi upande waupendao. Ni nani aliyeamuru mtoto asomeshwe miaka saba kwa Kiswahili, kisha ahamishwe ghafula hadi lugha inayomhemesha mwalimu wake mwenyewe, halafu akifika chuoni aandike kwa lugha hiyo habari za mkulima wa kabichi wa Nyandira huko Mgeta, ambaye aliulizwa kwa Kiswahili na akajibu kwa Kiswahili, wala hataweza kusoma lililosemwa juu yake? Tuliliacha kosa hilo likae nusu karne na zaidi, na sasa tunalitibu kwa mashine. Vilevile tumewaacha watafiti, wazawa na wageni, wapande milimani kuchota maneno ya wazee, kisha wayazungumze katika warsha za hoteli zenye posho na chai mbili, kijiji kisiletewe hata karatasi moja. Mwanakijiji aliyechoka kuulizwa bila kujibiwa naye huanza kujibu ovyo, na hapo hata aliyepanda mlima kwa haki hurudi na gunia la makapi.

Sikatai vyombo. Kinasa sauti, kamera, kipimo cha kuonyesha mahali, na hata mashine yenyewe ikipanga herufi za maandishi ambayo mtu ameyatafuta kwa jasho lake, vyote humfaa aliyekwenda. Ninachokataa ni shahada kwa asiyekwenda, na dawa yake haihitaji programu ya kunasa wizi wa maandishi, ambayo wajanja wamekwisha kuizoea. Siku ya kutetea tasnifu, msimamizi na alifunge kabrasha lile zuri, amwulize mwanafunzi: liko wapi daftari lako la uwandani, mtendaji wa kijiji gani aliipokea barua yako ya utambulisho, ulilala kwa nani, ni nani aliyekataa kukujibu, na alikuwa na sababu gani, ni jambo gani uliloliamini ulipoondoka mjini ukalikuta si kweli ulipofika. Aliyekwenda atajibu hata kwa Kiingereza cha kugugumia. Kisha muhtasari wa utafiti, ulioandikwa kwa Kiswahili, usomwe katika mkutano wa kijiji kilichotafitiwa, wenye ardhi na wenye milango wapate kusema hili ndivyo na hili sivyo, na shahada isitolewe mpaka maneno ya mkutano huo, yenye sahihi ya mtendaji na muhuri wa kijiji, yamefungwa ndani ya tasnifu.