Daftari la maktaba linajua mengi mno

Tulipokuwa kwenye shule ya theolojia, kila kitabu cha maktaba kilikuwa na kadi nyuma yake, na juu ya kadi majina ya wote waliokiazima. Tulipenda kuyasoma. Tulijua ni mwalimu gani aliyesoma juu ya talaka, na ni mwanafunzi gani aliyesoma juu ya ukimwi. Tulicheka kidogo, tukaenda kula. Hatukuona ubaya.

Leo vyumba vya kusomea vyenye kompyuta vinafunguliwa katika miji yetu, vingine pembeni ya makanisa, na kadi ile imehamia ndani ya mashine. Mashine inaweza kushika jina, saa, ukurasa, hata neno lililotafutwa. Tena mara nyingi habari hizo haziko mkononi mwa mtunza maktaba, ziko kwa kampuni ya mbali. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba Adobe Digital Editions, programu ambayo maktaba nyingi zilitumia kuazimisha vitabu vya kidijitali, ilituma kwa kampuni yake habari za kitabu kinachosomwa na kurasa zilizofunguliwa, bila kuzificha, hata mtu wa katikati ya njia angeweza kuzisoma.

Jambo la Connecticut, Marekani, linatufundisha zaidi. Mwaka 2005 shirika la upelelezi FBI lilipeleka barua kwa Library Connection, umoja wa maktaba za jimbo hilo. Lilitaka kujua ni nani aliyetumia kompyuta fulani kwa muda wa dakika 45, siku moja ya mwezi wa pili. Hakuna jaji aliyetia sahihi. Na barua ilikataza waliopokea wasimwambie mtu yeyote. Watunza maktaba wanne, George Christian, Barbara Bailey, Peter Chase na Janet Nocek, walikataa, wakashitaki serikali. Kesi yao wenyewe ilipoanza hawakuruhusiwa kuingia kortini, wasije wakatambuliwa. Katazo liliondolewa mwaka 2006, wakati bunge lilikwisha kupitisha upya sheria ile bila kuwasikia. Baadaye FBI ikaacha kudai habari zile.

Mtu atasema, huko kuna majaji. Kwetu pia sheria ipo: kipengele cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda maisha ya siri ya mtu na mawasiliano yake, na sheria ya dijitali ya Machi 2023 inasema juu ya habari za mtu binafsi. Lakini kijana anayelinda chumba cha kusomea hawezi kumsomea kipengele cha 31 mtu mwenye bunduki aliyekuja kuomba daftari. Anachoweza ni kuwa na daftari ambalo halina kitu cha kutoa.

Tumfikirie msichana aliyebakwa. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianzwe ndani ya saa 72. Anaogopa kumwuliza mama, anaogopa kumwuliza mchungaji (tukubali hivyo), anakuja kutafuta kwenye kompyuta. Akikuta mlangoni daftari la jina, namba ya simu na "unatafuta nini", atarudi nyumbani, na saa zinakwenda.

Wazazi wengine wanatuambia: na vijana wanaotazama uchafu? Swali ni la haki. Lakini kurasa chafu zinaweza kufungwa kwa wote bila kuandika nani alitafuta nini, na mlinzi anayetembea chumbani anatosha kwa mengine.

Kwa hiyo tunaomba kamati za vyumba hivi zianze na mambo madogo. Kompyuta ifute historia kila mtu anapoondoka. Jina la mwazimaji likae mpaka kitabu kirudi, kisha lifutwe. Daftari la mlangoni liondolewe. Wafadhili wakiomba takwimu, wapewe idadi ya watu walioingia Jumanne. Majina, hapana.