Uduvi wa Tangini Wasifike Mitoni

Kwa mtu wa Visiwani, uduvi ni kitoweo. Lakini wako uduvi wengine, wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ambao watu huwafuga si kwa kula bali kwa kutazama. Hukaa nyumbani katika tangi la kioo, wakapamba sebule. Wanaojulikana zaidi ni wale wekundu wa jamii ya Neocaridina, wenye asili ya China na Taiwan, na urefu wao ni sentimita 2 au 3 tu. Ufugaji huu umeenea Asia, Ulaya na Marekani, na hakuna sababu ya kudhani kuwa utakomea huko. Kwa hiyo leo tunapenda kuwazindua viongozi na wananchi wa Mbeya na Iringa, pamoja na ndugu zetu wa Visiwani wanaosoma na kufanya biashara katika mikoa hiyo.

Hatuupingi ufugaji wenyewe. Una faida, wala hauhitaji fedha nyingi. Tangi la lita 20 latosha. Mfugaji hulijaza maji na kupanda mimea, kisha hungoja wiki kadhaa kabla ya kutia uduvi, ili bakteria wanaosafisha maji wapate kustawi. Dawa zenye shaba huepukwa kabisa, kwani shaba huwaua uduvi. Chakula chao ni mwani unaoota kwenye kioo, majani makavu na mchicha uliochemshwa kidogo. Mtoto anayekabidhiwa tangi kama hilo hujifunza elimu ya viumbe, na zaidi ya hayo hujifunza subira.

Tena, Nyanda za Juu Kusini zinawafaa mno viumbe hawa. Wao hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 26 za Selsiasi, na joto la pwani huwataabisha. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa nayo iko zaidi ya mita 1,500. Lakini papo hapo penye faida ndipo penye hatari. Kiumbe anayestawi ndani ya nyumba bila ya kupashiwa maji moto wala kupoziwa, ataweza pia kustawi katika kijito kinachopita nyuma ya nyumba hiyo.

Na kuzaana kwao ni kwa haraka. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa muda wa wiki tatu au nne. Watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la wazazi wao, wala hawahitaji kupitia baharini kama watoto wa kamba wengi. Jike mmoja mwenye mayai, akimwagwa mtoni, anaweza kuanzisha kizazi kizima. Huko Ujerumani, mwaka 2013, wataalamu walitangaza kuwa uduvi hawa wanaishi katika kijito cha Gillbach, ambacho hupata maji ya uvuguvugu kutoka kituo cha umeme. Ikiwa katika nchi ya theluji wamepata maskani, itakuwaje katika Mto Ruaha Mdogo unaopita Iringa, au Mto Kiwira unaomimina maji yake Ziwa Nyasa?

Huenda mtu akauliza: kadudu kama haka kataleta madhara gani? Wenzetu wa Visiwani wana jibu. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kuondoa taka mjini. Leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu, na amekwisha kuvuka hadi bara. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, kamba wa Marekani waliotiwa humo mwaka 1970 waliiharibu mimea ya majini. Sangara aliyetiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 alimaliza aina nyingi za samaki wa asili. Wote hao waliletwa kwa nia njema, na hakuna aliyekubali kurudi alikotoka.

Nasi tunayo mengi ya kupoteza. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingineko duniani. Wilayani Rungwe kuna Ziwa Kisiba, liitwalo pia Masoko, ziwa dogo la volkano lisilozidi kilomita moja kwa upana. Mwaka 2015 jarida la Science lilieleza jinsi samaki wa ziwa hilo wanavyogawanyika kuwa namna mbili, wengine wakikaa juu na wengine vilindini. Hiyo ni amana tuliyokabidhiwa. Mgeni mmoja tu aweza kuiharibu.

Sheria tunazo: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini sheria isiyofika dukani na nyumbani ni karatasi tu. Maofisa wa forodha na wa uvuvi hawana budi kuwatambua viumbe hawa kila waingiapo, bandarini na mipakani. Maofisa uvuvi wa wilaya wawaendee wauzaji na kuwaelimisha kabla ya kuwaadhibu. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI kilichoko Kyela kitoe mafunzo kwa lugha nyepesi, ili mwananchi apendaye kufuga afuge bila kudhuru.

Naye mfugaji ana wajibu wake. Aliyechoka na uduvi wake ampe mfugaji mwenzake au shule, asiwamwage. Maji ya tangi yamwagwe bustanini, penye udongo mkavu, mbali na mtaro, kwani watoto wa uduvi ni wadogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Hata uduvi wa Ziwa Tanganyika, walio wa nchi yetu wenyewe, ni wageni wakifika Ruaha.

Pambo la nyumba na libaki nyumbani. Kumzuia mgeni huyu leo ni kazi ya ndoo moja na dakika chache. Kumtoa mtoni kesho ni kazi ambayo hata mataifa tajiri yameshindwa.