Mnara wa Simu na Mlango wa Jirani



Wapendwa, mwaka 1994 Shirika la Posta na Simu liligawanywa, na mwaka huohuo kampuni ya Mobitel ilianza kutoa huduma ya simu za mkononi nchini. Vodacom ilifuata mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Dar es Salaam ilitangulia. Milima yetu ya Usambara ilisubiri.

Tuliokuwepo tunakumbuka: mtu aliacha shamba la viazi, akapanda mgongo wa Magamba, akainua simu juu akitafuta mtandao. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima huyazuia. Mnara wa GSM huweza kufika hadi kilometa 35 mahali pa wazi, lakini nyumba iliyo nyuma ya kilima cha jirani hubaki kimya. Ndiyo maana minara hutafuta vilele.

Kanisa halikuiogopa elimu hiyo. Mwaka 1933 Marconi aliunganisha Vatikani na Castel Gandolfo kwa simu ya mawimbi, kwa ajili ya Papa Pio XI.

Zamani habari ya mgonjwa ilitufikia kwa mdomo wa kijana aliyetembea usiku kucha, na mara nyingine tulifika tukakuta kaburi. Leo katekista hupiga simu, nasi tunapanda pikipiki. Tunaushukuru mnara.

Lakini tukiri pia. Simu hiyohiyo imetuzoeza kusema "tuko pamoja" tukiwa tumeketi nyumbani. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, rambirambi huweza kufika kabla ya majirani, na wakati mwingine hufika badala yao. Nasi mapadre hatujinasui: tumewahi kumpigia mgonjwa, tukaridhika kana kwamba tumemtembelea. Mpako wa Wagonjwa hautolewi kwa simu. Unahitaji mafuta, mkono na paji la uso.

Tusiulaumu mnara, basi, kwa uvivu wa miguu yetu. Kazi yake ni kuleta habari ya msiba. Kukaa matanga ni kazi yetu. Wiki hii kila jumuiya ndogondogo imtafute mgonjwa mmoja aishiye bondeni, ambako mtandao haufiki, imwendee kwa miguu. Huyo hawezi kutupigia. Anatusubiri mlangoni.