Msimbo Wazi Usiojengeka ni Wazi kwa Nani?

Jamani, waandika programu, leo tuambizane ukweli. Mnaandika kwa lugha ya C, mnatangaza kwamba msimbo wenu uko wazi na yeyote auchukue. Mbona ukifika kwenye mashine nyingine unagoma?

Mimi ni mwandishi wa habari tu, lakini programu huria natumia kila siku, na nyingine hunibidi nizijenge mwenyewe. Ndiko nilikoijua tabia hii. C ina kanuni zilizoandikwa tangu 1989. Kompaila ya GCC nayo ina nyongeza zake, kwa mfano kuandika funkisheni ndani ya funkisheni nyingine. Clang inaikataa kabisa. GCC inaipokea, tena bila hata kukuonya usipoiomba. Basi mtu anatoka nje ya kanuni huku akijiona fundi.

Wala msidhani yanawahusu wenye Clang peke yao. Kwa miaka mingi GCC iliacha kigeu kimoja kiwekwe kwenye mafaili kadhaa, kisha ikaviunganisha kimya kimya. Toleo la 10, mwaka 2020, likaacha kufanya hivyo bila kuombwa. Programu zilizojengeka jana zikagoma leo! Toleo la 14, mwaka 2024, likaanza kukataa kuita funkisheni ambayo haijatangazwa, jambo lililoondolewa kwenye kanuni za C tangu 1999. Miaka 25 watu wamelala.

Najua mtasema nyongeza zina faida. Sikatai. "typeof" ilikuwa nyongeza, leo imo ndani ya kanuni ya C23. Linux yenyewe imejaa nyongeza za GNU, lakini nyaraka zake zinasema hivyo waziwazi. Anayeandika Kiamu hana kosa, ila asiandike juu ya jalada kwamba ni Kiswahili sanifu.

Kwa hiyo wekeni "-std=c99" na "-pedantic-errors", jengeni kwa kompaila mbili kabla ya kutoa toleo. Mkishindwa, andikeni kwenye README mnatumia lahaja gani. Ni sentensi moja tu! Anayepakua kazi yenu huenda ana bando la kuhesabu na kompyuta ya kuazima. Kumwambia "kwangu inafanya kazi" si jibu, ni dharau.

Mnaopinga, karibuni tubishane.